Kuosha na Kukinga Kutu Mivungu Iliyofichika ya Gari la Kale Hapa Mombasa

Gari la kale lililoishi Mombasa huliwa kutoka ndani kuja nje. Siku mwenye gari anapoona rangi imefura kama lengelenge chini ya mlango, au kidole chake kinapozama katika bati alilodhani ni zima, upande wa pili wa bati hilo huwa umekwisha kuwa unga tangu zamani. Rangi ya nje hung'arishwa na kutazamwa kila siku, lakini hakuna anayeviona vizingiti vya milango, nguzo zinazobeba paa, boriti za chini ya sakafu, pembe za buti na matumbo ya milango yenyewe. Mwongozo huu unahusu sehemu hizo, ambazo nitaziita mivungu, na namna ya kuziosha, kuzikausha na kuzipaka nta ili gari lidumu.

Jambo moja ningependa lieleweke kabla ya mengine yote. Sehemu kubwa ya kazi hii ni kuosha na kukausha, na kupuliza nta ni hatua fupi ya mwisho. Nta iliyopulizwa juu ya chumvi na unyevu haizuii kutu, bali huifunika isionekane, kama mtu aliyefunga mlango kwa kufuli huku mwizi yumo ndani. Nililijua hili kwa hasara. Nilirithi kwa marehemu baba Peugeot 504 ya saluni, yaani ile yenye buti nyuma, nikaipeleka kwa fundi aliyesifiwa kwa kazi ya kuzuia kutu. Aliiosha asubuhi kwa maji ya kisima, na jioni ile ile akaipuliza mafuta mazito kila mahali. Nililipa nikaondoka nimeridhika. Baada ya miaka miwili kizingiti cha kushoto kilipokatwa, mafuta yalikuwa bado yanang'aa, na chini yake bati lilikuwa limeachana tabaka tabaka kama chapati ya ajemi. Sina shaka kwamba gari lile lingekaa muda mrefu zaidi kama lingeachwa bila kuguswa.

Kwa nini chumvi ndiyo adui wa kwanza

Chuma hupata kutu kikikutana na maji na oksijeni, na chumvi huongeza kasi ya jambo hilo kwa sababu maji yenye chumvi hupitisha umeme mdogo unaoendesha ulaji wa chuma. Lakini chumvi ina tabia nyingine iliyo mbaya zaidi kwetu watu wa pwani, nayo ni kwamba huvuta maji kutoka hewani. Chumvi ya kawaida huanza kuyeyuka yenyewe unyevu wa hewa unapofika takriban asilimia 75, kiwango ambacho Mombasa hukifikia usiku karibu mwaka mzima. Katika maji ya bahari, ambayo kila lita yake ina takriban gramu 35 za chumvi, mna pia chumvi za magnesi, na moja kati ya hizo huvuta maji hata unyevu ukiwa wa asilimia 33 tu. Maana yake ni kwamba mvungu uliokwisha kuingia chumvi ya bahari hauwi mkavu kamwe, hata gari likae barazani mwezi mzima bila kuguswa na mvua.

Chumvi hiyo huingia kwa njia nyingi. Huja na rasharasha ambayo upepo wa kusi huitupa juu ya magari yaliyoegeshwa Kizingo na kando ya barabara ya Mama Ngina. Huja na maji yanayomwagika katika sitaha ya feri ya Likoni, na mchanga wa ufukweni unaokwama juu ya boriti. Na huja, kwa njia ambayo wengi hawaifikirii, na maji yenyewe ya kuoshea gari. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na visima vingi vilivyo karibu na bahari hutoa maji ya chumvi au ya magadi. Vituo vingi vya kuoshea magari hutumia maji hayo kwa kuwa ni rahisi kupatikana, na kuyapiga kwa pampu ndani ya mivungu ni kulitilia gari sumu kwa nguvu. Kwa kazi hii tumia maji ya bomba, au maji ya mvua yaliyokingwa kwenye tangi safi. Ukinunua kwa wachuuzi wa mikokoteni, uliza mitungi ilijazwa wapi, na usikubali jibu la haraka.

Ningeshauri pia kununua kile kipimo kidogo cha mkononi ambacho wauzaji wa maji yaliyochujwa hukitumia kupima madini na chumvi katika maji. Bei yake si kubwa, na baadaye nitaeleza jinsi kinavyoondoa ubishi wote kuhusu kama mvungu umesafika au la.

Majira ya kufanya kazi

Wakati bora ni kaskazi, hasa kati ya Januari na Machi, mvua zikiwa zimekatika na jua likiwa kali. Ukikawia mpaka Aprili masika yatakukuta mivungu iko wazi, na Mei, ambao kwa kawaida ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote hapa, haufai kabisa. Tenga siku zisizopungua nane ambazo gari halitahitajika. Anayetaka kumaliza mwisho wa juma mmoja na asianze.

Kulijua gari kabla ya kuligusa

Tenganisha betri, kisha toa viti, mazulia, paneli za ndani za milango na ubao wa sakafu ya buti. Inua gari kwa jeki na uliweke juu ya stendi imara nne, kwa kuwa jeki peke yake si kitu cha kukuweka wewe chini ya bati lililooza. Tafuta kila kizibo cha mpira na kila tundu. Magari ya kale yalitengenezwa na matundu mengi ya kutolea maji: chini ya milango, chini ya vizingiti, pembeni mwa boneti na katika pembe za buti. Mara nyingi matundu hayo yamezibwa na udongo, rangi ya chini, au pati ya fundi aliyeyadhania kuwa kasoro. Chora mchoro wa gari kwenye karatasi na uyatie alama yote, pamoja na kipenyo cha kila moja. Mchoro huo utakufaa kila mwaka.

Siku hizi zipo kamera nyembamba za kuchungulia zinazounganishwa na simu, na yenye unene wa milimita 6 au 8 hupita katika matundu mengi. Ingiza taratibu na urekodi picha ya kila mvungu. Kutu ya rangi ya machungwa iliyo kama vumbi si jambo la kutisha. Kutu nyeusi iliyoinuka kama magamba, au mwanga wa nje unaoonekana mahali pasipo tundu, ni jambo jingine kabisa. Gonga sehemu hizo kwa mpini wa bisibisi: bati zima hulia, na bati lililooza hutoa mlio mfu.

Bati lililooza likatwe na kuchomelewa bati jipya sasa, kabla ya hatua nyingine yoyote. Nasisitiza hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba nta haiwezi kurudisha nguvu ya chuma kilichokwisha, na vizingiti katika gari lisilo na chasisi ya peke yake, yaani fremu ya chini inayobeba bodi, ndivyo vinavyolishika gari lisijikunje. Ya pili ni hatari ya moto: mvungu uliokwisha kupulizwa nta ukiguswa na moto wa kuchomelea huweza kuwaka kwa ndani, mahali ambapo hutaona miali mpaka iwe imechelewa. Ukikuta mtu alijaza tundu kwa gazeti, sponji au povu la kuvimba kisha akapaka pati juu, toa vyote hata kama vinaonekana vimeshika vizuri, kwa sababu hunywa maji na kuyahifadhi dhidi ya chuma.

Kutoa taka, kisha chumvi

Anza na taka kavu. Zibua kila tundu la kutolea maji kwa waya laini, kisha puliza kwa kompresa kutoka juu na kufyonza kwa mashine ya vumbi kutoka chini. Vaa miwani ya kinga na barakoa, kwa kuwa kitakachotoka ni vumbi la kutu, rangi kuukuu na viota vya manyigu vilivyokauka. Magamba makubwa ya kutu yaliyolegea hutoka kwa kuingiza waya wa breki ya baiskeli, ncha yake ikiwa imefumuliwa kama brashi, na kuuzungusha kwa drili kwa mwendo mdogo. Usitafute chuma cheupe, kwa sababu ndani ya mvungu hutakipata, na nta nzuri huweza kupenya kutu nyembamba iliyoshika imara. Kinachotakiwa ni kuondoa kile kilicholegea.

Kama kuna mafuta ya zamani, na hapa kwetu mara nyingi yapo kwa kuwa wazee walizoea kumimina oili chafu, yalainishe kwa sabuni ya kukata mafuta iliyochanganywa na maji ya uvuguvugu na uyaache dakika kumi na tano kabla ya kuosha. Nawaelewa waliotumia oili chafu, maana hawakuwa na kingine, lakini oili iliyotumika huwa na asidi na masizi, huharibu mipira, huteremka yote ardhini kwa joto letu, na ina kemikali zinazodhuru ngozi na zinazohusishwa na saratani. Usiirudishe.

Sasa maji. Ingiza mpira mwembamba mpaka mwisho wa mvungu, fungua maji kwa nguvu ya kawaida ya bomba, na uuvute taratibu kuelekea kwako, ukirudia mpaka maji yanayotoka chini yawe meupe. Weupe huo usikudanganye, kwa kuwa chumvi iliyoyeyuka haionekani. Hapa ndipo kile kipimo kinapofanya kazi: pima maji ya ndoo unayoyatia, kinga yanayotoka kwenye tundu la chini katika kikombe safi, pima tena. Mwanzoni hesabu ya yanayotoka itakuwa juu zaidi. Acha mvungu dakika ishirini ili chumvi iliyojificha kwenye maungio ipate kuyeyuka, osha tena, pima tena. Ukiona hesabu mbili zinakaribiana katika mizunguko miwili mfululizo, mvungu huo umesafika na unaweza kuhamia mwingine. Vizingiti vya gari langu vilihitaji mizunguko saba, na nguzo za nyuma mitatu tu.

Kuna wanaomimina dawa za kugeuza kutu zenye asidi ya fosfori ndani ya mivungu. Kwenye bati la wazi dawa hizo zinafaa, lakini mahali ambapo huwezi kusuuza wala kuona, asidi hubaki kwenye mikunjo ya maungio na kuendelea kula chuma. Mimi siziingizi humo.

Kukausha, hatua isiyovumilia haraka

Mafundi wa majahazi hawapaki deheni kwenye mbao zilizolowa. Chombo hupandishwa pwani, hukwanguliwa, huachwa kikauke, ndipo hupakwa. Gari nalo lina haki hiyo hiyo, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa sababu bati huonekana kavu kwa nje saa moja baada ya kuoshwa huku maungio yake, pale ambapo mabati mawili yamelaliana, yakiwa bado yameshika maji.

Inamisha gari kidogo, mbele juu kwa nusu siku, kisha nyuma juu, ili maji yote yafuate matundu. Halafu puliza hewa ya kompresa katika maungio. Kumbuka kwamba hewa yetu yenyewe ni maji: kwa nyuzi joto 30 na unyevu wa asilimia 80, kila mita moja ya ujazo ya hewa imebeba takriban gramu 24 za maji, na kompresa inapoibana hewa hiyo maji hujikusanya tangini. Fungua koki ya chini ya tangi kila baada ya dakika chache na ufunge kichujio cha maji kwenye paipu, la sivyo utakuwa unanyunyizia kile unachojaribu kukausha.

Baada ya hapo liweke gari juani kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi alasiri, milango, boneti na buti vikiwa wazi, na feni ya nyumbani ikielekezwa kwenye matundu makubwa. Jua la kaskazi hulipasha bati joto lisilovumilika kwa mkono, na joto hilo ndilo linaloyatoa maji maungioni. Kabla ya magharibi lirudishe barazani na ulifunike kwa shuka la pamba badala ya turubai la plastiki, kwa kuwa plastiki hufungia umande ndani. Fanya hivyo siku tatu, au nne kama ni Land Rover yenye chasisi ya sanduku. Ukitaka kuhakikisha, bandika usiku kipande cha nailoni safi juu ya tundu la mvungu kwa gundi ya karatasi, na ukikague adhuhuri baada ya jua kulipiga. Ukiona matone upande wa ndani, ongeza siku nyingine. Kutu nyepesi ya manjano itakayojitokeza baada ya kuosha isikutie hofu, kwa kuwa nta itaipenya.

Kuchagua nta na kuipuliza

Nta ya mivungu si ile nzito nyeusi ya kupaka chini ya gari. Inatakiwa iwe nyepesi inapopulizwa, ipenye katika maungio, kisha ibaki laini bila kupasuka. Dinitrol, Waxoyl na Tectyl ni majina yanayojulikana duniani kwa kazi hii, na zipo pia dawa za lanolini, yaani mafuta yatokanayo na manyoya ya kondoo. Swali la kuuliza dukani kwa mtu wa Mombasa ni nyuzi joto ambazo nta huanza kuteremka, kwa maana nyingi zilibuniwa kwa nchi za baridi, na bati jeusi juani hapa huweza kupita nyuzi 60. Soma karatasi ya maelezo ya bidhaa, na ukikosa jibu fanya jaribio: paka kipande cha bati, kisimamishe juani siku nzima, uone kama kitabaki na utando. Kwa saluni ya kawaida andaa lita 3 hadi 5.

Fanya kazi hii asubuhi iliyo kavu, bati likiwa na uvuguvugu, mahali penye hewa inayopita. Mvuke wa nta ni mzito kuliko hewa na hutuama sakafuni, kwa hiyo pasiwe na sigara, jiko, wala drili inayotoa cheche karibu. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Tafuta ile yenye vichujio vya mvuke. Funika diski za breki, ekzosi na viunganishi vya umeme. Nta isifike kwenye mikanda ya usalama na mashine zake za kujikunja, ambazo zimejificha ndani ya nguzo katika baadhi ya magari. Pandisha vioo vya milango juu kabisa kabla ya kupuliza matumbo ya milango.

Utahitaji bunduki ya kupulizia yenye mpira mrefu na pua inayotawanya pande zote, shinikizo la hewa ya kompresa likiwa karibu baa 6. Ingiza mpira mpaka mwisho wa mvungu, bonyeza, kisha uvute pole pole kwa mwendo usiobadilika, kama sentimita kumi kwa sekunde mbili. Ukungu ukitokea kwenye tundu la upande wa pili, na baadaye mistari myembamba ya nta ikichuruzika kwenye maungio ya chini, ujue imefika. Thibitisha kwa kamera. Ukikosa tundu la kuingilia, unaweza kutoboa la milimita 10 hadi 12 mahali pasipobeba uzito, ulisugue kingo, ulipake rangi na baadaye ulizibe kwa kizibo cha mpira. Lakini usitoboe karibu na misingi ya mikanda wala kwenye mikunjo ya boriti. Pita mara mbili, siku ya kwanza kwa utando mwembamba unaopenya, siku ya pili kwa mzito kidogo. Mvungu uliojazwa nta kupita kiasi hauna faida yoyote ya ziada, na huziba matundu yake mwenyewe.

Kwa hiyo kabla hujaondoka kila siku, pitisha tena waya katika kila tundu la kutolea maji. Hili ni jambo dogo linalosahauliwa, na nimeona milango iliyooza chini kwa kosa hilo peke yake: nta nzuri, maji ya mvua yasiyo na pa kutokea.

Magari machache na tabia zake

Volkswagen ya kobe ina vizingiti ambavyo ndani yake hupita hewa ya joto kwenda kwa abiria. Hapa kwetu hakuna anayefungua joto hilo, lakini nta iliyomo hutoa harufu kwa wiki kadhaa, na njia ya katikati ya sakafu imebeba kebo na paipu ya petroli, hivyo mpira uingizwe kwa upole. Land Rover za zamani zina bodi ya aluminiamu iliyofungwa kwenye chuma, na metali hizo mbili zikikutana ndani ya maji ya chumvi, aluminiamu huliwa na kugeuka unga mweupe; puliza kila zinapogusana, na usiache boriti ya nyuma ya chasisi, ambayo huoza kabla ya nyingine. Morris Minor na Mini hazisamehe uzembe wa vizingiti. Peugeot 404 na 504, ambazo ushindi wao katika Safari Rally, wa 404 mwaka 1963 na 1966 hadi 1968, na wa 504 mwaka 1975 na 1978, ulizifanya zipendwe sana nchini, ni imara kwa mwendo, lakini bati lao halina kinga yoyote ya zinki na linahitaji hatua zote nilizozieleza.

Baada ya kazi

Acha gari lichuruzike juu ya maboksi yaliyokunjuliwa kwa siku mbili au tatu, kisha futa nta ya nje kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo na usafishe kwa sabuni. Rudisha vizibo vyote na mipira yote, ukibadilisha iliyokauka. Ukipita mafuriko ya barabarani au kurudi kutoka ufukweni, suuza chini ya gari kwa maji baridi ya bomba siku hiyo hiyo. Kila mwaka mwezi wa Februari chukua ule mchoro, fungua vizibo na upitishe kamera katika vizingiti vyote viwili, nguzo za nyuma na pembe za buti. Mahali ambapo utando wa nta umekauka na kupasuka, au bati limeonekana, puliza hapo peke yake, na uandike tarehe kwenye mchoro kando ya tundu.